Askari wa farasi wa kujitolea, magharibi ya Marekani, miaka ya 1860: kutwa alikuwa anafanya nini?

Baba Neema (Fort Morgan, Colorado)

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada, hasa kwa wanaopenda historia.

Tunaishi Fort Morgan, mimi niko zamu ya usiku kiwandani. Binti yetu yuko darasa la saba na amepewa kazi ya shule: aandike siku moja ya askari wa farasi wa kujitolea aliyekaa maeneo haya miaka ya 1860. Mji wetu wenyewe ulianza kama kambi ya jeshi kando ya mto South Platte, ya kulinda barabara ya kwenda Denver, ikafungwa 1868. Basi mtoto kamuuliza baba, na baba kichwani ana sinema tu: mtu kapanda farasi, kapiga bastola, jua likazama.

Nina maswali matatu. Kwanza, huyu "wa kujitolea" alikuwa halipwi? Mimi nimepita JKT kwa kujitolea, si kwa mujibu wa sheria, na posho yake naikumbuka. Pili, kutwa alikuwa anafanya nini? Vita haviwezi kuwa vya kila siku. Tatu, alikula nini? Hili la chakula Neema amelikazania, sijui kwa nini.

Kazi inatakiwa Jumatatu. Shukrani.

Kijana wa Keko

Mkuu, askari wa farasi kazi yake kupanda farasi. Swali linalofuata.

Halafu hao si ndio wale askari weusi wanaoimbwa kwenye reggae?

Saisi wa Lamu (Casper, Wyoming)

Baba Neema, salaam aleikum. Hapa umenigusa penyewe. Nimezaliwa Lamu, ambako gari letu ni punda. Nikafanya usaisi Ngong Racecourse, Nairobi, miaka kumi na mmoja. Kwa wasiojua, saisi ni mtunza farasi. Sasa ni mwaka wa sita niko hapa Casper na farasi wa watu. Mji huu una jina la askari wa aina hiyohiyo unayemuuliza. Nitamfikia.

Kijana wa Keko, kupanda ndiyo ilikuwa kazi ndogo kuliko zote. Na hao unaowasema, kikosi cha 9 na cha 10 cha farasi, viliundwa 1866, na vilikuwa vya jeshi la kudumu. Wa kujitolea walikuwa wanarudi makwao wakati huo.

Kujitolea hapa si bure. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, askari wengi wa jeshi la kudumu waliokuwa huku magharibi waliitwa mashariki wakapigane na majimbo ya Kusini. Pengo likazibwa na vikosi vilivyoandikishwa na majimbo: Ohio, Kansas, Iowa, California, na Colorado ambayo ilikuwa bado haijawa jimbo. Mtu aliandika jina kwa hiari yake, wengi kwa miaka mitatu, na mshahara ulikuwepo: dola 13 kwa mwezi, zikapandishwa kuwa 16 mwaka 1864. Ulikuwepo kwenye daftari, nakwambia. Mlipaji alifika akifika, na miezi ikapita mtu anadaiwa dukani.

Tena fikiria: kijana wa shamba kutoka Ohio kajiandikisha, anajua anakwenda kupigana na Kusini. Anapandishwa meli, anatembezwa, Mei 1862 anajikuta Fort Laramie, nyika tupu mpaka macho yanachoka. Kazi aliyopewa: linda waya. Telegrafu ya kuunganisha pwani mbili za nchi ilikamilika Oktoba 1861, nguzo na uzi mmoja tu, na vituo vidogo vidogo njiani vya askari kumi, kumi na tano, ishirini. Nyati wanajikuna kwenye nguzo, nguzo inalala. Wenyeji, Walakota na Wacheyenne na Waarapaho, wameshaelewa kwamba uzi ule ndio unaoita askari wengine, wanaukata na kuchoma nguzo. Askari anatoka na koleo na uzi begani, mwenzake anashika bunduki. Huyo ndiye askari wako, Neema mwanangu. Fundi waya mwenye farasi.

Sasa siku yenyewe. Kwenye ngome kubwa iliendeshwa na tarumbeta. Alfajiri tarumbeta ya kwanza, mnajipanga, majina yanaitwa. Ukidhani sasa ni chai, hapana. Tarumbeta ya mabanda. Kila mtu kwa farasi wake: ondoa mavi, piga kitana cha chuma, piga brashi, inua kwato moja moja utoe mawe, tazama mgongo. Kisha majini. Farasi akishakula ndipo mtu anakula. Baada ya hapo lindo linabadilishwa, na waliobaki ni fatiki. Baba Neema wa JKT, neno fatiki halihitaji kutafsiriwa: kuni, kuchimba, kufyatua matofali ya udongo, kukata nyasi za akiba. Sehemu nyingi za bonde la Platte hazina miti, kuni zilifuatwa mbali kwa mikokoteni chini ya ulinzi, na safarini waliwasha mavi makavu ya nyati. Yanawaka vizuri bila moshi mwingi, ila yakinyeshewa umelala na njaa. Halafu kwata, kama kamanda ana moyo nayo. Jioni tarumbeta ya mabanda tena, kitana tena, brashi tena. Kwenye vituo vidogo vya waya tarumbeta haikuwa na maana, lakini farasi ni walewale.

Kwa nini haya yote? Hapa ndipo saisi anaposema, na vitabu vingi vinapita haraka. Farasi wa jeshi alitakiwa kula nafaka ratili 12 na nyasi kavu ratili 14 kila siku. Ni zaidi ya kilo tano za mahindi au shayiri na zaidi ya kilo sita za nyasi, kwa mnyama mmoja. Zidisha kwa farasi themanini, zidisha kwa siku thelathini, na reli haijafika. Kila gunia lilikokotwa na maksai au nyumbu mamia ya maili kutoka mto Missouri. Basi gunia likichelewa, farasi aliyezoea nafaka anabaki na majani. Majani ya nyika hii ni mazuri, nayajua, lakini farasi mkubwa wa shambani anayebeba mtu, tandiko, bunduki, risasi na blanketi kutwa nzima hana muda wa kula majani ya kumtosha. Na usiku anafungwa kambani asiibwe. Atakula saa ngapi? Farasi wadogo wa Walakota walikulia majanini, wakati wa baridi walikula hata magome ya miti ya kando ya mto, na kila mpiganaji alikuwa na kadhaa wa kubadilisha. Nimewahi kuona farasi wa mashindano aliyeletwa na nafasi yake ya chakula ikakatwa wiki mbili tu. Mbavu zinahesabika, tandiko linacheza, mgongo unafanya kidonda. Ukishaona kidonda cha tandiko, safari imeisha. Kwetu Lamu tunalijua kwa punda.

Ndiyo maana walitembea kwa miguu zaidi ya unavyodhani. Kila saa unashuka, unalegeza mkanda wa tumbo, unamvuta kwa hatamu. Askari wa farasi, viatu vimekwisha soli.

Kisa kimoja uchukue. Juni 1865 Kanali Thomas Moonlight wa kikosi cha 11 cha Kansas alitoka Fort Laramie kuwafuata Walakota waliokuwa wamewaponyoka askari. Nusu ya farasi walichoka njiani wakarudishwa. Waliobaki wakasimama kupumzika, na farasi wakaachwa kula bila ulinzi wa kutosha, ingawa aliambiwa. Wapiganaji wakawakurupusha wakaondoka nao. Askari wakachoma matandiko yao wenyewe yasichukuliwe, wakarudi kwa miguu, karibu kilomita 190. Kanali akaondolewa jeshini mwezi uliofuata. Baadaye akaja kuwa gavana wa eneo hilihili la Wyoming, dunia hiyo.

Na Septemba mwaka huohuo, kwenye msafara wa jeshi wa mto Powder, ilipiga mvua ya barafu usiku. Farasi walikuwa wameshakonda kwa kukosa nafaka. Walikufa kwa mamia wakiwa wamefungwa kambani. Sikuwepo, lakini ule mkao wa farasi mwenye baridi, mkia kwenye upepo na kichwa chini, mimi nauona kila Januari hapa, na hawa wangu wana mablanketi.

Chakula kesho, zamu imefika. Nina jike anakaribia kuzaa.

Baba Neema

Saisi, Mungu akubariki. Nimesoma kwa sauti jikoni. Neema anasema "na chakula?"

Saisi wa Lamu

Jike bado. Chakula sasa.

Biskuti ngumu, mraba, unga na maji basi, ngumu kama kigae. Wengi waliivunja kwa kitako cha bunduki, wakailoweka kwenye kahawa, funza wakielea wanaenguliwa. Au waliikaanga kwenye mafuta ya nguruwe. Nyama ilikuwa nguruwe wa chumvi au bekoni, ndugu zangu Waislamu mtanisamehe, ratili moja kasoro robo kwa siku, au ng'ombe akipatikana. Maharage, sukari, siki, chumvi. Na kahawa, kahawa, kahawa. Mara nyingi ilitolewa mbichi. Mtu anaikaanga mwenyewe kwenye kikaango na kuisaga kwa kitako cha bastola. Hapo Mswahili wa pwani anaelewa kabisa, ila tangawizi ndiyo hakuna.

Mboga ndiyo ilikuwa balaa. Jeshi lilitoa mboga zilizokaushwa zikashindiliwa kama tofali, unachemsha zinafura sufuria nzima na hazina ladha ya kitu. Wengi walizikwepa, na majira ya baridi kiseyeye kikaingia: fizi zinatoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka. Dawa ilikuwa viazi vibichi ndani ya siki, na masika ikifika vitunguu vya mwituni. Neema andika hilo la vitunguu, mwalimu atapenda.

Dada Mwanajuma

Nguo nani alifua? Msiniambie walifua wenyewe.

Saisi wa Lamu

Dada, umejua kuuliza. Kanuni iliruhusu madobi wanawake wanne kwa kila kombania. Walipewa posho ya chakula ya jeshi, na ada ya kufua askari alilipa kutoka mshahara wake. Mara nyingi walikuwa wake wa askari. Lakini hiyo ni kwenye ngome. Kwenye kituo cha waya cha watu kumi na tano hapakuwa na dobi, na chawa hawakuhitaji ruhusa ya kanuni.

Salim wa Ruwi (Maskati)

Nyika kavu, maji ya magadi, chakula cha farasi hakuna. Mbona hawakutumia ngamia? Sisi huku tunacheka tu.

Saisi wa Lamu

Salim, walitumia! Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilishusha ngamia 34 bandarini Indianola, Texas, na mwaka uliofuata wengine. Walikuja na watunzaji, mmoja akiitwa Haji Ali. Wamarekani wakashindwa kulitamka wakamwita Hi Jolly. Ngamia walibeba mizigo vizuri sana, ila farasi na nyumbu walipowaona walitimka, na askari hawakuwapenda kwa harufu na kwa kutema. Vita vikaja, mradi ukafa, wa California wakauzwa mnadani 1864. Haji Ali amezikwa Quartzsite, Arizona, na juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe na ngamia wa chuma. Ukija Marekani, hapo pa kumsomea Fatiha.

Mama Zawadi (Denver)

Nimesoma toka juu. Farasi, farasi, biskuti, kahawa. Na watu je? Askari wa kujitolea wa Colorado ndio waliofanya Sand Creek. Tarehe 29 Novemba 1864, alfajiri, Kanali Chivington na wanaume karibu 700, wengi wao wa kikosi cha 3 cha Colorado, kilichoandikishwa kwa siku 100 tu. Waliivamia kambi ya Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, ambako bendera ya Marekani ilikuwa inapepea kwa sababu wazee walikuwa wameahidiwa amani. Waliouawa ni zaidi ya 150, wengi wanawake, watoto na wazee. Vikosi vya California vilikuwa vimeshafanya hivyohivyo kwa Washoshone kule Bear River Januari 1863. Hiyo nayo ni "siku moja katika maisha ya askari wa kujitolea". Mtoto asiandike vitunguu peke yake.

Saisi wa Lamu

Mama Zawadi, nimekubali, nilipaswa kuanza na hilo au angalau nisiliache. Nilijisahau kwa farasi.

Niongeze mtu mmoja basi, maana alikuwa hukohuko na alikuwa askari wa kujitolea vilevile. Kapteni Silas Soule, kombania D, kikosi cha 1 cha farasi cha Colorado. Siku ile alikataa kuamuru watu wake wapige risasi, nao hawakupiga. Desemba akamwandikia barua Meja Wynkoop akieleza alichokiona, bila kuficha. Mwanzoni mwa 1865 akatoa ushahidi mbele ya tume. Tarehe 1 Aprili akaoa, tarehe 23 Aprili akapigwa risasi barabarani Denver akafa. Chivington hakuwahi kufikishwa mahakamani.

Baada ya Sand Creek ndipo njia nzima ya Platte ilipowaka moto. Yule kijana wa waya aliyekuwa anahesabu miezi yake mitatu iliyobaki, kazi yake ikageuka. Na hapa ndipo namleta mtu wa mji wangu.

Caspar Collins, wa Hillsboro, Ohio, alikuja huku akiwa na miaka 17, baba yake ndiye kamanda wa kikosi cha Ohio. Alipenda kuchora, michoro yake ya vituo vya waya imebaki na inaonyesha kila banda na kila uzio. Julai 26, 1865, akiwa luteni wa miaka 20, alipita kwenye kituo cha Platte Bridge akiwa safarini kurudi kwa watu wake. Msafara wa mikokoteni wa Sajini Custard ulikuwa unakuja kutoka magharibi, na wapiganaji wapatao elfu moja au zaidi walikuwa vilimani. Maofisa wa Kansas waliokuwepo hawakwenda. Akaamriwa yeye, wa kikosi kingine, kuongoza watu kama 25 wa Kansas ambao si wake, wavuke daraja wakaupokee msafara. Farasi wake hakuwa naye. Akaazimwa mmoja, wa kijivu.

Inasimuliwa kwamba walipozungukwa na kugeuza, yule wa kijivu alimshinda nguvu akamkimbiza katikati ya adui. Wanaosimulia wanaliweka kama ajabu. Mimi halinishangazi. Farasi wa kuazima hujui mdomo wake, hujui anaogopa nini, na yeye hajui mkono wako. Ngong tulikuwa tunakataza mtu kumpeleka mbio farasi asiyemjua hata asubuhi tulivu. Collins alikufa na wanne wengine, na msafara wa Custard ukamalizwa mchana huohuo, zaidi ya watu 20, walionusurika ni watatu.

Ngome ikapewa jina lake la kwanza, Fort Caspar, kwa sababu Fort Collins tayari ilikuwa ya baba yake. Kwenye kuandika jina wakakosea herufi, ndiyo maana sisi ni Casper. Majengo ya ngome yalijengwa upya 1936 pale palepale, na nimeingia. Dari nafika kwa mkono. Kitanda cha mbao, godoro la nyasi, watu wawili wawili.

Kijana wa Keko

Dah. Nafuta comment yangu ya kwanza.

Baba Neema

Usifute, ndiyo iliyomchokoza Saisi.

Wakuu, asanteni. Mama Zawadi, Neema ameamua kuandika mambo mawili: asubuhi ya askari wa kituo cha waya, na barua ya Soule. Mama yake anamsaidia kupanga. Imebaki swali lake moja, ananisumbua tangu jana: farasi wa askari walikuwa na majina?

Saisi wa Lamu

Neema, kwenye vitabu vya jeshi, hapana. Aliandikwa rangi, kimo, umri na bei. Na alichomwa chapa ya moto begani kushoto, herufi mbili: US. Akikonda akashindwa kazi, mkaguzi alimtazama, akachomwa chapa ya pili, IC, maana yake amekaguliwa na kukataliwa, akapelekwa mnadani. Majina waliyapewa na askari wenyewe, usiku bandani.

Jike amezaa alfajiri hii. Dume, mweusi, paji lina doa. Bado hana jina. Ukipata moja zuri, mwambie baba aniandikie.